Aliyepoteza kuona mrudishieni kazi yake

Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo linalotokea kimya kimya katika nyumba zetu. Mtu mzima anapoteza kuona, na tangu siku hiyo familia inamfanyia kila kitu. Analishwa, anaogeshwa, anajibiwa salamu na wengine. Yote hufanywa kwa mapenzi, lakini mwisho wake ni kumgeuza mgonjwa wa kudumu mtu ambaye kilichoharibika kwake ni macho tu.

Maalim aliyenisomesha Juzuu Amma alipata presha ya macho. Alipofika hospitali, mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umeshaharibika, na uharibifu huo haurudi nyuma. Wanawe wakamkalisha barazani, madrasa akapewa mwingine. Miezi michache baadaye nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta amekonda na hazungumzi. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema: "Mwanangu, sijafa, nimepofuka tu. Lakini humu ndani matanga yangu yamekwisha anuliwa."

Kwanza, hospitali

Asikae mtu nyumbani akiamini macho yake yamekwisha kabla hajapimwa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na wengi huona tena. Kwa presha ya macho na kisukari, matibabu huokoa kile kilichobaki, ndiyo maana kuchelewa kuna hasara kubwa. Dawa za kienyeji zisitiwe jichoni. Aidha, presha ya macho hutembea katika ukoo, hivyo watoto na ndugu wa mgonjwa nao wakapimwe hata kama wanaona vizuri.

Nyumba ipangwe

Kila kitu kiwe na mahali pake na kisihamishwe bila kumwambia: birika la udhu, kandambili, mswaki, mswala. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa. Ulio nusu wazi ndio unaompasua mtu paji la uso. Ukiingia, sema jina lako. Ukiondoka, muage, asibaki akizungumza na ukuta.

Wakati wa chakula, mfananishie sahani na uso wa saa: wali upo saa sita, mbali naye, mboga saa tisa, kuliani, samaki saa kumi na mbili, karibu na kifua chake. Atakula mwenyewe bila kupapasa. Noti azikunje kila moja kwa namna yake. Njiani usimkokote wala kumsukuma. Yeye ndiye akushike mkono juu ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Akishazoea, ajifunze kutumia fimbo nyeupe.

Kisha, kazi irudi

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Tukumbuke Abdullah bin Umm Maktum (r.a.), sahaba asiyeona. Alikuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.), na zaidi ya mara moja aliachiwa Madina awaswalishe watu Mtume (s.a.w.) alipokuwa safarini. Adhana ya alfajiri hakuitoa mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Alisaidiwa lile moja lililohitaji macho, yaliyobaki akayafanya mwenyewe. Nasi tufanye hivyo hivyo.

Aliyekuwa akisuka ukili apewe ukindu, vidole vyake bado vinajua njia. Mama aliyekuwa akipika arudi jikoni, kwanza akiwa na mtu pembeni, kisha peke yake. Msomaji ajifunze nukta nundu, maandishi ya nukta sita aliyoyabuni kijana wa Kifaransa asiyeona, Louis Braille, mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 15. Hata Qur'ani inapatikana kwa maandishi hayo. Simu janja nyingi za leo nazo zina programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo.

Msitarajie furaha wiki ya kwanza. Kulia na kukasirika ni sehemu ya msiba huu, wala si upungufu wa imani. Lakini akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili au zaidi, au akitamani kufa, mrudisheni hospitali, kwani hiyo nayo ni maradhi na ina tiba.

Maalim wangu alianza na watoto watatu barazani. Wao wakisoma, yeye akisikiliza, na kosa la madda halikumpita. Baadaye akaanza kutunga kaswida, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa akiona: yeye anatamka, mjukuu anaandika. Maulidi yaliyofuata vijana walizisoma, naye akawakatiza katikati kwa sababu mmoja aliruka ubeti.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo aliyekalishwa hivyo, leo usimuulize anataka kuletewa nini. Muulize angependa kufanya nini.

Wabillahi tawfiq.