Kwa nini ndugu zetu wengine ni Wabatisti?



Somo la kusoma nyumbani pamoja na jamaa: Matendo ya Mitume 18:24-28, 1 Wakorinto 1:10-17, Marko 9:38-40.

Tangu tulipofundisha redioni juu ya ubatizo wa maji, tumepokea ujumbe mwingi wenye swali moja. Mama mmoja wa Pinga anauliza kama mtu anaweza kuokoka na kubaki Mbatisti. Kijana wa Nyabiondo anauliza kwa nini rafiki yake aliyesali nasi miaka mitano amehamia kwa Wabatisti. Na baba mmoja wa Masisi, shemasi kwetu, ametuletea jambo zito. Binti yake ameposwa na kijana wa kanisa la Kibatisti, naye amekataa kupokea mahari. Anasema hatampeleka mtoto wake kwa watu wasio na Roho.

Tumeona hili si jambo la kujibu kwa dakika mbili katikati ya nyimbo. Ndiyo maana tumeliandika hapa. Hatuandiki ili mtu yeyote ahame. Sisi ni Wapentekoste, na tunajua tulichopokea. Lakini mtu hawezi kumpenda jirani asiyemfahamu, na mara nyingi tunawahukumu Wabatisti kwa mambo tuliyoyasikia tu.

WALITOKA WAPI?

Wabatisti walianza ukimbizini. Mwaka 1609, Waingereza wachache waliokimbilia Amsterdam, Uholanzi, pamoja na mchungaji wao John Smyth, walisoma Agano Jipya na kuona kwamba waliobatizwa humo ni watu walioamini kwanza. Wakaacha kubatiza watoto wachanga. Mwenzake, Thomas Helwys, alirudi Uingereza na kuandika mwaka 1612 kwamba mfalme ni mwanadamu, hana mamlaka juu ya roho za watu. Kwa sababu hiyo alifungwa gerezani. Sisi tunaoishi Masisi na Walikale, tunaojua maana ya kubeba godoro kichwani na kusali chini ya hema, tusiwadharau watu waliozaliwa katika hali hiyo.

Hapa Kivu habari ilikuwa hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mmisionari Paul Hurlburt na wenzake walianza kazi upande wa Katwa, karibu na Butembo. Misheni yao wakati huo haikuitwa ya Kibatisti. Mwaka 1946 kazi hiyo ilipokelewa na misheni ya Wabatisti wa Marekani, na waamini wakajikuta Wabatisti. Baada ya uhuru wa 1960 kulitokea mgawanyiko, na leo tunawaona katika jumuiya mbili kubwa: ya 3, CBCA, yenye makao makuu Goma, na ya 55, CEBCE.

Na sisi je? Wengi wetu tunajua kwamba wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Kivu mwaka 1921, upande wa Uvira, na kwamba kazi yao ndiyo leo jumuiya ya 8, CEPAC. Lakini wachache wanajua Waswedi hao walitoka katika kanisa gani. Kanisa la Filadelfia la Stockholm, la mchungaji Lewi Pethrus, lilikuwa kanisa la Kibatisti! Pethrus mwenyewe alikuwa mchungaji wa Kibatisti. Mwaka 1913 kanisa hilo liliondolewa katika umoja wa Wabatisti wa Sweden kwa sababu lilikaribisha kwenye meza ya Bwana watu wasio wa umoja huo. Kutoka hapo uamsho wa Kipentekoste wa Sweden ukaenea, hata ukafika kwetu.

Basi, tunapombatiza mtu mzima mtoni, akiwa ameungama imani kwa kinywa chake, na kumzamisha mwili wote, tunafanya jambo ambalo babu zetu wa Sweden walilijua wakiwa bado Wabatisti. Mtoto akicheka nyumba ya babu yake, anacheka ukoo wake mwenyewe.

Tena tangu 1970 sisi na wao tuko chini ya Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC. Namba 3, 5, 8 na 55 ni namba za jumuiya ndani ya kanisa moja la Kiprotestanti. Hazionyeshi ngazi za kufika mbinguni.

KWA NINI MTU ANACHAGUA KUWA MBATISTI?

Tumewauliza wao wenyewe, wachungaji wenzetu na waamini, tukakusanya majibu. Tunayaandika kwa haki, kama tunavyotaka wao waeleze habari zetu.

Jibu la kwanza: wengi walizaliwa humo. Zamani misheni ziligawana maeneo ili zisigombane. Kijiji kilichofikiwa kwanza na Wabatisti kikawa na masomo ya Kibatisti, zahanati ya Kibatisti na kwaya ya Kibatisti. Mtu alijifunza kusoma hapo, mama yake alizalia hapo, baba yake alizikwa na mashemasi wa hapo. Na leo majeruhi wengi wa vita kutoka Masisi wanapasuliwa katika hospitali ya CBCA ya Ndosho, Goma. Mtu aliyetibiwa jeraha hapo hasahau. Nasi tunafurahi watu wanapomshukuru Mungu kwa hospitali ya Panzi ya CEPAC kule Bukavu. Basi tuwaache nao washukuru.

Jibu la pili: wanapenda namna kanisa linavyoamua mambo. Kwa Wabatisti, mchungaji si mfalme. Mambo makubwa ya kanisa yanaletwa mbele ya washiriki au wajumbe wao, na hesabu ya sadaka inasomwa. Hatusemi kwamba kwao hakuna ugomvi. Wanadamu ni wanadamu. Lakini ndugu mmoja wa Walikale alituambia: “Pasta, nilihama kwa sababu nilitaka kusikia feza yetu ilikwenda wapi.” Neno hilo lilituchoma. Paulo mwenyewe, alipokuwa akipeleka msaada Yerusalemu, hakutaka kuibeba sadaka peke yake. Alitaka afuatane na watu waliochaguliwa na makanisa, asipate lawama (2 Wakorinto 8:18-21).

Jibu la tatu: wanapenda mafundisho yenye utaratibu. Kuna mtu ambaye sauti kubwa inamsaidia kuomba. Kuna mwingine aliyesikia risasi usiku miezi mingi, na anapoingia kanisani anatafuta kutulia. Mama mmoja aliyekimbia vita mara tatu alisema kwamba spika zetu zinamrudishia hofu, na kwamba kwa Wabatisti anaweza kulia bila mtu kumwekea mikono na kumkemea pepo. Hakuwa na pepo. Alikuwa na huzuni. Tulipaswa kuona tofauti hiyo mapema.

Jibu la nne ndilo gumu zaidi: wengine walikimbia makosa yetu. Walitabiriwa ndoa ambayo haikutokea. Waliambiwa wamekosa imani kwa sababu mtoto alikufa na malaria. Waliombwa mbuzi wa mwisho ili wapate baraka. Mtu wa namna hii hakumkataa Roho Mtakatifu. Amekataa udanganyifu uliosemwa kwa jina la Roho. Maandiko yanatuagiza tusimzimishe Roho, na papo hapo yanatuagiza tupime yote (1 Watesalonike 5:19-21). Tukitii nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, tusishangae watu wakitafuta mahali pengine.

TUNATOFAUTIANA WAPI?

Tusiseme pia kwamba hakuna tofauti. Ipo, na si ndogo.

Sisi tunafundisha kwamba, baada ya kuokoka, mwamini anatafuta ujazo wa Roho Mtakatifu kama siku ya Pentekoste, na kwamba lugha, unabii na uponyaji ni karama za kanisa la leo. Wabatisti wengi wanafundisha kwamba mtu anapokea Roho siku anapoamini, na kwamba matunda ya maisha mapya ndiyo alama kubwa. Wengine kati yao wanaamini karama zingalipo, wengine wana mashaka. Na wengi wao wanashika sana fundisho kwamba aliyeokoka kweli hatapotea, lakini sisi tunaonya kwamba mtu anaweza kurudi nyuma.

Haya ni mafundisho ya kujadiliana Biblia ikiwa wazi mezani, na kila mmoja akiwa tayari kusikiliza. Hatutayaacha. Tulipokuwa Chuo cha Biblia tulifundishwa kuyatetea, na bado tunayatetea. Lakini ni tofauti za watu wanaokiri Kristo mmoja, msalaba mmoja na ubatizo wa watu walioamini.

Tumwangalie Apolo. Alikuja Efeso akiwa na juhudi, akifundisha habari za Yesu, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila hawakumsimamisha mbele ya watu ili wamwaibishe. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kisha ndugu wakamwandikia barua ili apokelewe Akaya. Kama tunaamini kwamba tuna jambo ambalo Mbatisti hajalifahamu, hiyo ndiyo njia: mlango wazi, chakula mezani, na maneno ya upole.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuache kubatiza upya. Hapa tunakiri kosa letu. Familia moja ilikimbia kijiji chao, ikalala wiki nyingi katika jengo la kanisa la Kibatisti, ikala chakula cha mashemasi wa hapo, ikasali nao. Waliporudi kwetu tuliwazuia meza ya Bwana, tukawataka watubu hadharani, kana kwamba walikwenda kwa waganga. Kijana wao aliyebatizwa huko, katika maji mengi na kwa imani yake, tuliamuru abatizwe tena. Baba yake alituuliza: “Walitupokea tulipokuwa hatuna kitu. Tutubu nini?” Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwa nyumba hiyo kuomba msamaha, na tunaomba tena kwa karatasi hii.

Pili, mtu akitaka kuhamia kwa Wabatisti, tuzungumze naye, tusikie sababu. Kama sababu ni kosa letu, tulitengeneze. Kama bado anataka kwenda, tumwandikie barua ya kumtambulisha na kumwombea. Asitoroke usiku kama mdeni. Na akija Mbatisti kwetu, tuulize habari zake kwa mchungaji wake. Mtu aliyekimbia nidhamu ya kanisa lake atakimbia na yetu.

Tatu, katika misiba na katika kambi, tufanye kazi pamoja. Hema la plastiki likivuja, halichagui mvua ya CEPAC au ya CBCA.

Nne, juu ya ndoa. Biblia inamtaka mwamini aolewe katika Bwana (1 Wakorinto 7:39). Swali la kwanza kwa kijana huyo ni hili: ameokoka? Anaishi vipi? Anafanya kazi? Anaheshimu wazazi? Kisha wawili hao wakubaliane mapema watasali wapi na watoto watafundishwa wapi, maana nyumba iliyogawanyika kila Jumapili inachoka.

Kwa shemasi wetu tulisema neno moja zaidi. Warumi 8:9 inafundisha kwamba asiye na Roho wa Kristo, huyo si wake Kristo. Basi, baba, ukisema kijana huyu hana Roho, hukusema tu kwamba haneni kwa lugha. Umesema yeye si wa Yesu. Je, unaweza kulisema hilo mbele za Mungu, juu ya kijana aliyeungama imani, ambaye wewe mwenyewe umemwona akibeba wagonjwa kwa machela hadi hospitali?

Tumeongea naye mara mbili. Alikaa kimya, kisha akasema ataomba. Tunangoja, na tunawasihi ninyi nyote mmwombee yeye, mama wa nyumba na binti yao.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi cha maombi:
1. Je, kuna mtu aliyehama kanisa letu kwa sababu ya kosa letu? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Tunasema nini juu ya Wabatisti mbele ya watoto wetu?
3. Katika Marko 9:38-40, Yohana alitaka kumzuia nani, na Yesu alimjibuje?

Bwana awabariki na awalinde huko Masisi, Walikale na mahali popote mlipokimbilia. Amina.