Halali kwa Nani? Vyakula vya Marikiti na Mji wa Kale

Ukimwuliza mtu wa bara kuhusu vyakula vya barabarani vya Mombasa, atakujibu pale pale: "Ah, kule ni kwa Waislamu, kila kitu halali, wewe kula tu." Maneno hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Katika kisiwa hiki wamo watu ambao sheria zao za chakula hupita njia nyingine kabisa, na wote hununua katika soko moja.

Mimi nililazimika kulichunguza jambo hili mwaka uliopita, chama chetu kiliponiteua pamoja na wenzangu wawili tutafute chakula cha siku ya chama. Desturi yetu ni kula sinia moja. Sasa hebu fikiria: katika kundi letu kuna Waislamu, kuna Wakristo wa namna zote, kuna Msabato kutoka Kisii, na kuna msichana wa Kioshwali, ambaye dini ya kwao ni ya Kijaini. Mwaka uliotangulia msichana huyo alikunywa soda peke yake pembeni huku sisi tukirarua mishkaki. Haikupendeza hata kidogo.

Tulianzia Marikiti. Jina lake la kizungu ni Mackinnon Market, na lilijengwa 1914. Mackinnon alikuwa Mskoti aliyeiongoza kampuni ya Kiingereza iliyoishika nchi hii kabla ya serikali yao kuichukua 1895. Lakini ukimwambia makanga akushushe "Mackinnon" atakukodolea macho. Sema Marikiti. Humo mna iliki, mdalasini, bizari, ukwaju, nazi, na nje yake kila pembe pana mtu na karai lake la mafuta.

Nyama ndiyo rahisi kuieleza. Ili iwe halali, mnyama awe wa kuliwa (nguruwe hayumo), atajiwe jina la Mwenyezi Mungu, akatwe koo kwa kisu kikali na damu imtoke. Mwenye mishkaki ukimwuliza nyama yake yatoka wapi hakasiriki. Atakutajia bucha bila kuinua macho kwenye makaa. Wayahudi nao wana sheria yao, iitwayo kosheri, na ni jamaa ya karibu na halali: nguruwe ni marufuku, damu ni marufuku, kisu lazima kiwe kikali. Wao wana mengine ya ziada. Nyama haipikwi wala hailiwi pamoja na maziwa, na kiumbe cha majini hakiliwi ila kiwe na mapezi na magamba. Usidhani hao ni watu wa mbali tu. Jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi ilianza 1904, na jirani zetu Waganda wana Abayudaya huko Mbale, walioanzishwa na Semei Kakungulu 1919.

Ile sheria ya mapezi na magamba imeandikwa katika Mambo ya Walawi, sura ya 11, na hiyo hiyo ndiyo anayoifuata Msabato wetu. Ndipo tulipofika kwenye pweza.

Lo, pweza! Jioni Mji wa Kale hunukia supu yake, na mwuzaji hukukatia vipande vidogo vidogo, akavinyunyizia ndimu na pilipili. Mswahili wa Mvita, ambaye kwa kawaida ni Mshafii, hula pweza bila wasiwasi, kwa kuwa kwa madhehebu yake samaki na viumbe wa baharini ni halali na hawahitaji kuchinjwa. Jirani yake Mmemoni ni Mwislamu vile vile, lakini hufuata madhehebu ya Hanafi, na kwa Mahanafi kiliwacho baharini ni samaki, na pweza si samaki. Mithnaasheri naye hamli pweza kwa kuwa hana magamba, ingawa kamba anamruhusu. Msabato wetu hamli pweza, wala kamba, wala kaa. Kipande kimoja cha pweza, watu wanne wamchao Mungu, na mlaji ni mmoja tu! Nilipomweleza mzee wa supu hayo alicheka mpaka akaweka upawa chini, akasema, "Basi mwanangu, hao watatu waletee changu." Na alisema kweli. Changu ana magamba ya kuonekana kwa macho, na wote wanne hukubaliana naye. Papa, kwa mfano, asingefaa.

Lakini changu asingemsaidia mwenzetu Mjaini. Hekalu lao jeupe la marumaru liko Langoni, lilijengwa 1963, na sisi hupita hapo kila siku bila kujua waumini wake hula nini. Wao hawali nyama, samaki wala mayai. Mimi nilidhani hapo ndipo mwisho, kumbe wanaoishika dini sana hawali hata vitu vinavyoota chini ya ardhi, kwani ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima na vidudu vilivyomo udongoni. Maana yake ni kwamba viazi karai havimo, mihogo ya kukaanga haimo, bajia zilizotiwa kitunguu na thomu hazimo. Isitoshe, wengi wao hawali baada ya jua kutua, na vyakula vyetu vya barabarani huchangamka hasa magharibi ikishaingia!

Hapo tukaona kuwa dawa si kutafuta chakula kipya bali kubadilisha saa. Badala ya jioni, tule asubuhi. Asubuhi ya Mombasa ni mahamri na mbaazi, na humo hamna wa kuchinjwa. Palibaki kuuliza mambo mawili. Tulimwendea mama mmoja auzaye karibu na Kibokoni. Baada ya shikamoo, mwenzangu akamwuliza, "Mama, mbaazi zako zina kitunguu?"

"Zangu ni tui, chumvi na pilipili mbichi. Kitunguu cha nini?"

"Na karai hili, hukaangia sambusa za nyama?"

"Sambusa zina karai lake, mwanangu. Nikichanganya, mahamri yatanuka nyama, nani atayala na chai?"

Nataka uliangalie vizuri jibu hilo. Yule mama hakutenganisha makarai kwa ajili ya Wajaini. Alifanya hivyo kwa ajili ya harufu. Lakini faida ni ile ile. Wengine hukaanga kila kitu katika mafuta mamoja, na hakuna kibao ukutani cha kukueleza. Halali ya Mwislamu waweza kuikisia kwa kumtazama mwuzaji. Mafuta, kitunguu na mayai hukisii, unauliza, na unauliza kwa adabu kabla ya kutoa pesa, si baada ya kung'ata.

Sinia likawa hivi: mahamri, mbaazi, vitumbua vya mchele na nazi, kashata za njugu, mabuyu, na madafu ya kunywa. Njugu zilizua ubishi kidogo, maana nazo hukomaa udongoni. Mwenzetu akatueleza kuwa kwao njugu huliwa, kwa kuwa ni tunda la mmea wala si mzizi. Achari ya embe ilikuwa na thomu, ikawekwa bakulini kando. Siku tuliichagua Jumapili, kwani Jumamosi ni Sabato.

Nawe ukitaka kumjaribu yule mama, fika kabla ya saa tatu. Ukenda saa nne utakuta sufuria imeshaoshwa na imefunikwa kifudifudi.