Fahamu: Kwa Nini Vilele vya Kilimanjaro Havifanani
Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana, na kila moja ina sura ya umri wake.

Kifungua mimba ni Shira, iliyoanza kulipuka takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Kilele chake kiliporomoka zamani. Anayepanda kutoka magharibi hukuta uwanda mpana, karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari.

Mawenzi (mita 5,149), ya pili kwa umri, ndiyo inayotisha zaidi. Barafu, mvua na upepo vimeichonga hadi ikabaki magenge na miamba iliyochongoka. Kwa hiyo ncha kali si lazima ziwe dalili ya ujana, ingawa kwenye milima ya mikunjo kama Himalaya mara nyingi ndivyo ilivyo.

Kitinda mimba, Kibo, ina mita 5,895. Kuba lake bado halijaliwa sana, na ndani ya kreta yake gesi yenye harufu ya kiberiti ingali inafuka.