Jenerali Asiyeshindwa na Waliombebea Mizigo

Mwanafunzi wa historia anapofikia Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, hukutana na jina la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, na mara nyingi jina hilo huandamana na sentensi ya neno moja: hakushindwa. Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa historia, lakini sentensi hiyo imenikera kwa muda mrefu. Tusemapo kwamba jemadari hakushindwa, tumewataja watu wawili tu, yeye na adui yake. Wengine wote waliokuwapo tumewaacha nje ya sentensi.

Hebu tumfuate mtu huyu tangu mwanzo. Alizaliwa mwaka wa 1870 mjini Saarlouis, mwana wa afisa wa jeshi. Mwaka wa 1900 alipelekwa Uchina pamoja na majeshi ya kigeni yaliyokwenda kuzima uasi wa Maboksa. Mwaka wa 1904 alikuwa katika nchi tunayoiita leo Namibia, chini ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Huko ndiko alikopata elimu yake ya vita vya msituni. Walimu wake, ajabu iliyoje, walikuwa Waafrika aliokwenda kuwapiga, maana aliona jinsi watu wachache wanaoijua ardhi yao wanavyoweza kulisumbua jeshi kubwa. Mwaka wa 1906 alijeruhiwa akipigana na Wanama, na jicho lake la kushoto likapoteza nuru.

Januari 1914 aliteremka Dar es Salaam akiwa Luteni Kanali, kamanda mpya wa jeshi la koloni lililoitwa Schutztruppe. Vita vilipozuka Agosti, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingizwe vitani. Kamanda wake hakukubali. Alijua kwamba koloni halingeweza kuokolewa, lakini aliamini kuwa kila askari wa Uingereza atakayefungwa Afrika Mashariki ni askari aliyepungua katika mahandaki ya Ufaransa. Majeshi yake yakaiteka Taveta na kuishambulia reli ya Uganda. Novemba mwaka huo Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, wakapigwa na jeshi la watu wapatao 1,000 hivi. Nyuki waliotimuliwa mizingani wakawashambulia wapiganaji. Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki, risasi na hata bombomu, silaha ambazo ziliwatesa wao wenyewe miezi mingi baadaye.

Hapa naomba msomaji aniruhusu niingie kidogo katika uwanja wangu. Jeshi hilo la Kijerumani liliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili. Vyeo vya Waafrika ndani yake havikuwa vya Kijerumani: kulikuwa na ombasha, shaushi, beshaushi, soli, na juu yao efendi, maneno yaliyokuja na askari wa Kisudani waliokuwa chimbuko la jeshi lile, nao waliyapata katika jeshi la Misri lenye mila za Kituruki. Neno askari lenyewe ni la Kiarabu. Bwana mkubwa aliporudi kwao akatunga kitabu, alikiita Heia Safari!, kichwa ambacho nusu yake ni chetu. Lugha yetu ilishiriki vita hivyo kikamilifu kabla hata haijaulizwa rai yake.

Mwaka wa 1916 Jenerali Smuts wa Afrika Kusini alikuja na jeshi kubwa, na Wajerumani wakaanza kurudi nyuma kuelekea kusini. Oktoba 1917 huko Mahiwa, karibu na Lindi, walipigana vita vikali kuliko vyote. Lettow-Vorbeck alishinda, akapandishwa cheo kuwa Meja Jenerali, lakini hakuwa tena na watu wala risasi za kumwezesha kubaki. Novemba 25 akavuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, akizunguka huko karibu mwaka mzima kabla ya kuingia Zambia ya leo. Habari za kusitishwa kwa vita zilimkuta karibu na mto Chambeshi. Alisalimisha silaha Novemba 25, 1918, mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168.

Waama, hiyo ni safari ya kustaajabisha. Lakini jeshi lisilo na reli wala magari lilikula nini? Lilikula chakula cha wanavijiji. Na nani aliyebeba mizigo? Daktari wa jeshi hilo, Ludwig Deppe, alikiri katika maandishi yake kwamba waliacha nyuma yao mashamba yaliyoharibiwa na maghala matupu. Katika Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, njaa iliyoitwa Mtunya iliwaua watu wapatao 30,000. Upande wa Waingereza wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufikia laki moja, wengi kwa kuhara damu, malaria na lishe duni, si kwa risasi. Wengi wao walitoka hapa Kenya. Mishahara ya marehemu ambayo haikudaiwa ilibaki mikononi mwa serikali. Kilichobaki midomoni mwetu ni Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, majina yanayotokana na kikosi cha wapagazi. Wanafunzi wangu wengi huyatamka kila siku bila kujua hivyo.

Hata ile hoja yake ya kijeshi haisimami imara. Askari wengi waliomfukuza walikuwa Wahindi, Waafrika Kusini, Wanaijeria na watu wa KAR, ambao sehemu kubwa yao haingepelekwa Ufaransa kwa vyovyote. Yaani hesabu iliyowagharimu watu wetu maisha yao huenda ilikuwa na kosa tangu mwanzo.

Mwaka wa 1919 alipokewa Berlin kama shujaa. Mwaka huohuo aliongoza jeshi lililoingia Hamburg kuzima ghasia za raia, na mwaka wa 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Alifariki mwaka wa 1964. Wajerumani wenyewe wameanza kumtazama upya: mjini Hannover, barabara iliyokuwa na jina lake sasa inaitwa Namibia-Allee.

Na sisi je? Mwalimu anayesomesha mada hii Nairobi hahitaji kwenda mbali. Katika Kenyatta Avenue pana sanamu za shaba za askari na mpagazi, ambazo zimesimama hapo tangu miaka ya 1920. Awapeleke wanafunzi wake wasome maandishi yaliyochongwa chini yake, yakiwemo ya Kiswahili, yanayoahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la aliyekufa. Kisha awaambie watafute jina la mpagazi mmoja tu mahali hapo. Hawatalipata. Warudi makwao wakaulize wazee ni nani katika ukoo aliyechukuliwa Karia akapotea, na walete jina lake darasani likiwa limeandikwa.