Mashine Inapokaa Kimya



Wengi wenu mnajua kwamba katika darasa letu la mwisho tuko na ndugu mmoja asiyeona. Masomo yake hayako katika daftari kama yetu. Yako katika mashine, ile kompyuta ya mezani inayokaa katika chumba kidogo karibu na maktaba. Anaandika kwa klavye, na mashine inamsomea kwa sauti. Majuma matatu tu kabla ya mtihani wa Serikali, ile mashine ikanyamaza. Mlituuliza sana, "Ilikuwa je mpaka ikasema tena?" Basi tunaeleza hapa, ili mwingine asipoteze siku nne kama sisi tulivyopoteza.

Kwanza mjue ni mashine ya namna gani. Haina Windows. Iko na Linux, ile iitwayo Debian. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na mtu yeyote anaweza kuichukua bila malipo. Tuliichagua kwa sababu mashine yetu ni ya zamani na haina nguvu nyingi, tena virusi vya flashi za mjini haviisumbui sana. Programu inayosoma mambo ya kwenye kioo huitwa Orca. Lakini Orca yenyewe haina mdomo. Inatoa maneno tu na kumpa mwingine, eSpeak NG, na huyo njo anayefanya sauti. Baba yake eSpeak ni Jonathan Duddington, aliyeianza mwaka 1995 kwa kompyuta za Acorn. Leo inasema lugha na lafudhi zaidi ya mia moja, na Kiswahili kimo. Sauti yake ni kavu, kama ya mtu mwenye mafua. Ndugu yetu anasema haimchoshi, na anaikimbiza mbio mpaka sisi tunaoona hatushiki hata neno moja. Ila ukiipa ukurasa wa Kifaransa nayo imewekwa katika Kiswahili, hata mwalimu wa Kifaransa hawezi kutambua ni lugha gani.

Sasa tukio lenyewe. Jumatatu jioni umeme ukakatika. Hapa Bunia hakuna haja ya kueleza zaidi. Uliporudi, ndugu yetu akabonyeza kifungo cha kuwasha. Alisikia feni inazunguka. Akangoja. Hakuna sauti. Akazima, akawasha tena, akangoja mpaka kengele ya chakula. Akasema, "Sauti imekufa." Sisi nasi tukasema vilevile, sauti imekufa. Fundi mmoja tuliyemwendea mjini naye akasema, bila hata kuiona mashine, kwamba kadi ya sauti imeungua, tulete dola tununue nyingine. Dola hatukuwa nazo, na pengine hilo njo lililotuokoa.

Kosa letu lilikuwa nini? Tulidhani kimya ni kimoja. Kumbe viko vingi, na kila kimoja kina mahali pake.

Mashine inapowashwa haiamki mara moja. Kwanza inaamka programu ndogo iliyofungwa ndani ya ubao wake, tunaiita BIOS (katika mashine mpya ni UEFI). Hiyo inahesabu vyombo: kumbukumbu ipo, diski ipo, klavye ipo. Kisha inamwita GRUB, bawabu anayeuliza ufungue Linux ipi, na usipojibu kwa sekunde chache anachagua mwenyewe. Halafu inaingia kerneli, yaani kiini cha Linux, na diski inakaguliwa. Baada ya hayo tu kadi ya sauti inapata wa kuiendesha, na maneno ya kwanza yanaweza kutoka. Orca inakuja nyuma kabisa, wakati wa kuandika jina na neno la siri. Mwaona? Sauti ni mzaliwa wa mwisho. Mtu anayeona, mashine ikikwama njiani, anasoma kwenye kioo imekwama wapi. Asiyeona hapewi kitu. Huko mwanzoni, ambako umeme ukikatika matatizo ni mengi, hakuna sauti hata kidogo, wala haijawahi kuwako. Basi kusema "sauti imekufa" ni kama kusema mwimbaji ni mgonjwa, na kumbe mlango wa kanisa bado umefungwa kwa ufunguo.

Na kioo je? Mashine ile haikuwa nacho. Kilikuwa kimechukuliwa kwenda ofisini, maana tulifikiri asiyeona atafanya nacho nini. Hapo tunaungama. Siku ya pili tuliomba ruhusa kwa Bwana Prefe, tukaibeba mashine mpaka ukumbini, tukaiunga na televisheni kwa kamba ya HDMI. Mara tukaona maandishi meupe juu ya kioo cheusi: saa na tarehe zimepotea, bonyeza F1 kuendelea. Mashine ilikuwa inatungoja sisi! Tangu Jumatatu ilikuwa inaomba kidole kimoja tu.

Sababu yake ni ndogo kama kifungo cha koti. Kwenye ubao wa mashine iko pile moja ya duara, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kulinda saa na mipango ya BIOS wakati mashine haina umeme. Pile ikiisha, huwezi kujua mara moja, maana mashine ikichomekwa ukutani inalinda mipango yake kwa umeme wa ukutani. Siku umeme unakatika, inasahau yote, na inasimama pa F1. Tulinunua pile nyingine sokoni. Kubadili ni rahisi: chomoa kamba ya umeme, fungua kasha, sukuma kishikizo kidogo, pile inaruka yenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu. Kisha ingia BIOS, rudisha tarehe, na kama iko nafasi ya kuiambia isingoje F1, iambie.

Tulibonyeza F1 tukashangilia mapema mno. Baada ya dakika moja mashine ikasimama tena, na kwenye kioo tukasoma neno (initramfs), pamoja na onyo kwamba diski ina makosa na ikaguliwe kwa mkono. Hiki ni kimya cha pili. Umeme ulipokatika, mashine ilikuwa katikati ya kuandika, kama katibu aliyenyang'anywa kalamu katikati ya neno. Dawa yake ni kuandika:

fsck -y /dev/sda1

kisha kubonyeza kifungo cha Enter, na ikimaliza kuandika: exit. (Jina la mwisho mlisome katika onyo lenyewe, kwetu ni sda1, kwenu linaweza kuwa lingine.)

Tuliandika mara sita, na mara sita ikakataa. Tulikaribia kulia. Ni ndugu yetu asiyeona aliyegundua, akauliza, "Klavye inafikiri iko ya Kifaransa ao ya Kiingereza?" Klavye yetu ni ya Kifaransa, ile inayoanza kwa A-Z-E-R-T-Y. Lakini katika hatua ile mashine bado haijasoma mipango yetu, inaichukua kama ya Kimarekani. Kwa hiyo ukitaka herufi a, bonyeza q. Ukitaka kistari, bonyeza kifungo chenye mabano ya kufunga, kilicho kuume kwa sifuri. Ukitaka mkwaju, bonyeza kile cha alama ya mshangao. Na tarakimu 1 inatoka bila Shift. Herufi nyingine za amri ile ziko mahali pake. Andikeni haya mahali, yatawafaa. Yeye alijua kwa sababu vidole vyake vinakumbuka nafasi, wakati sisi tunasoma yaliyochorwa juu ya vifungo.

Mjue kwamba ile -y ni hatari kidogo: maana yake ni "ndiyo" kwa kila swali, hata lile la kuondoa kipande cha faili. Tulimweleza mwenye masomo, naye akanyamaza muda. Nakala yake ya mwisho katika flashi ilikuwa ya mwezi uliopita. Biolojia yote ya mwezi ule ilikuwa katika diski tu. Mwishowe akasema, "Fanyeni." Tukafanya. Maandishi yake yalikutwa salama, isipokuwa faili mbili, na hizo tulizipata baadaye katika folda iitwayo lost+found, zimebadilishwa majina kuwa namba. Moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikatika katikati, na mmoja wetu akamsomea zilizobaki kutoka daftari lake.

Sasa Linux ikafunguka, tukaona mahali pa kuandika jina. Na bado kimya! Hapo hata wenye imani wakaanza kumkumbuka yule fundi na kadi yake. Tukabonyeza Alt pamoja na kifungo chenye alama ya Windows na S, ndiyo njia ya kuamsha Orca. Kimya. Tukabonyeza tena, na kumbe kubonyeza mara ya pili ni kuizima. Hatukujua tena kama iko wazi ao imefungwa. Tulihangaika nusu saa, mpaka mdogo mmoja wa darasa la kwanza, aliyekuja kutazama tu, akachukua telekomandi ya televisheni na kupandisha sauti. Ukumbi mzima ukaruka. Orca ilikuwa inasema kwa nguvu, ndani ya televisheni!

Kamba ya HDMI haibebi picha tu, inabeba na sauti. Mashine ikiona kamba ile, inaweza kuihesabu kama kadi nyingine ya sauti na kupeleka maneno yote huko, na bafle mezani inabaki bubu. Tatizo hilo la tatu tulilileta sisi wenyewe tulipokuwa tunatafuta lile la kwanza. Tulichomoa kamba, tukawasha upya, na bafle ikasema.

Tangu siku ile tumejifunza kuuliza kwa utaratibu. Ikiwa mashine imefika mahali pa kazi na haisemi, tunaandika aplay -l, ili kujua kadi ziko ngapi. Kisha speaker-test -t wav -c 2, na hapo sauti ya mwanamke inapaswa kutaja upande wa kushoto na wa kuume kwa Kiingereza. Tunaisimamisha kwa Ctrl na C. Ikisikika, kadi ni nzima, na kosa liko kwa wasemaji. Basi tunajaribu spd-say na neno lolote, maana hiyo inamwita msemaji bila kupitia Orca. Spd-say ikisema na Orca ikikaa kimya, tunaandika orca --replace. Lakini ikiwa hata yule mwanamke hasikiki, tunafungua alsamixer na kutazama kama chini ya Master zimeandikwa MM, maana yake imefungwa mdomo. Herufi m inaifungua. Tena tazameni tundu la ekuteri. Vumbi letu jekundu likiingia mle, mashine inaweza kufikiri umechomeka ekuteri, na inaifunga bafle. Mswaki mkavu umetusaidia zaidi ya mara moja.

Na ikiwa siku moja itabidi kuweka Debian upya, asiyeona anaweza kufanya peke yake. Jambo hili liko tangu Debian 6 ya mwaka 2011. Unawasha na flashi, unangoja mlio: mmoja kwa mashine ya BIOS, miwili kwa ile ya UEFI. Kisha unabonyeza s na Enter, na sauti inakuongoza. Herufi s iko mahali pamoja katika klavye zote mbili, kwa bahati. Kama kuna kadi kadhaa za sauti, inasema katika kila moja kwa zamu, nawe unabonyeza Enter unapoisikia. Waliopanga hayo waliwafahamu watumiaji wao. Hata Speakup, ile sehemu ya kerneli inayosoma maandishi kabla ya Orca, ilianzishwa na Kirk Reiser wa Kanada, naye haoni.

Jambo la mwisho tulilofanya ni kumpa GRUB mlio. Katika faili /etc/default/grub uko mstari wa GRUB_INIT_TUNE wenye alama ya # mbele. Tuliiondoa ile alama, tukaandika update-grub. Sasa mlio mfupi unasikika pale bawabu anapofika, kama mashine ina kile kipaza sauti kidogo cha ndani. Mlio usiposikika, mashine imekwama kabla ya bawabu, yaani pa F1 ao karibu nayo. Ukisikika na kimya kikafuata, ni diski. Ndugu yetu ameyaandika hayo yote kwa nukta za Braille kwenye karatasi nene, pamoja na zile herufi za klavye, na karatasi inakaa chini ya mashine.

Ijumaa iliyofuata umeme ulikatika tena tukiwa uwanjani kwa mpira. Tuliporudi, tulisikia kutoka dirishani ile sauti ya mafua inasoma Biolojia, mbio mbio.