Mashine ya kanda ikigoma: pima kwanza, ndipo utoe fedha

Mfanyabiashara anayetunza nakala za hesabu zake katika kanda za sumaku hukabiliwa na uamuzi wa fedha kila mashine ya kanda inapogoma. Aitengeneze, anunue nyingine, au atupe kanda alizonazo na kuanza upya? Mara nyingi uamuzi huo hufanywa kwa kubahatisha, ilhali zipo programu za kompyuta za kuipima mashine hiyo na kuonyesha ubovu uko upande gani.

Suala hili si dogo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na sheria ya taratibu za kodi ya Kenya ya mwaka huohuo inataka muda kama huo. Kanda isiyosomeka siku ya ukaguzi ni sawa na kutokuwa na kumbukumbu. Kwa upande mwingine, kanda nzuri huokoa. Mwezi Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, kampuni ya Google ilizirudisha kutoka katika kanda, kwa kuwa hitilafu ile haikuweza kuzifikia.

Hali ya soko

Kanda zinazotawala soko ni za aina ya LTO, zilizoanza kuuzwa mwaka 2000. Kila kizazi kina ukubwa wake: LTO-4 inabeba gigabaiti 800, LTO-5 terabaiti 1.5, LTO-6 terabaiti 2.5, LTO-7 terabaiti 6 na LTO-8 terabaiti 12, kabla ya data kubanwa. Watengenezaji wa kanda zenyewe ni wachache. Mwaka 2019 mgogoro wa hataza kati ya Fujifilm na Sony ulisababisha uhaba wa kanda za LTO-8 hadi makampuni hayo yalipopatana mwezi Agosti mwaka huo.

Mashine mpya ni ghali, hivyo wafanyabiashara wadogo hukimbilia zilizokwishatumika. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia, kwa sababu kuwaka kwa taa ya mashine hakuthibitishi kwamba inaandika na kusoma sawasawa. Muuzaji mwaminifu hatakataa mashine yake ipimwe mbele ya mnunuzi.

Programu zenyewe

Watengenezaji wakubwa wana programu zao za kupimia. Ya Hewlett Packard Enterprise huitwa Library and Tape Tools, na ya IBM huitwa ITDT. Zote hufanya kazi katika kompyuta za Windows na za Linux. Kanuni ya kwanza ni kutumia programu ya kampuni iliyotengeneza mashine, kwa kuwa ndiyo inayofahamu kumbukumbu za ndani za mashine hiyo.

Kabla ya kupima, programu ya kuhifadhi nakala inayotumika kila siku lazima ifungwe kabisa. Programu mbili haziwezi kushika mashine moja kwa wakati mmoja. Mafundi wengi wamehukumu mashine kuwa mbovu, kumbe ilikuwa inatumiwa na programu nyingine.

Hatua ya kwanza ni kuiamuru programu itafute mashine. Isipoonekana, kosa haliko kwenye kanda wala kwenye hedi. Kiangaliwe kwanza chanzo cha umeme, kisha waya, kisha kadi iliyo ndani ya kompyuta. Kubadilisha waya ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kununua mashine.

Hatua ya pili ni kusoma taarifa za ndani. Mashine za LTO hutunza alama za tahadhari ziitwazo TapeAlert, na kila alama ina namba. Namba 4 inaelekeza lawama kwenye kanda, na namba 7 inasema kanda imefikia mwisho wa maisha yake. Namba 20 inataka mashine isafishwe mara moja, na namba 22 inasema kanda ya kusafishia imekwisha. Namba 30 na 31 zinaonyesha ubovu wa mashine yenyewe. Baadhi ya mashine za IBM huonyesha pia herufi au tarakimu moja kwa mbele: C ni kusafisha, 7 ni kanda, 5 ni mashine, na 6 inaweza kuwa kanda au mashine.

Hatua ya tatu ni kusafisha, endapo alama inataka hivyo. Waliozoea redio kaseti watakumbuka pamba na spiriti. Njia hiyo haifai kabisa kwa mashine ya LTO. Hutumika kanda maalumu ya kusafishia, ambayo kwa kawaida haizidi mara 50. Wala isitumike ovyo, kwa kuwa inakwaruza na kumaliza hedi. Katika miji ya pwani na maeneo ya vumbi, chumba kikavu na safi hupunguza haja ya kusafisha, na kanda iliyotoka kwenye joto iachwe ipoe chumbani kabla ya kuingizwa.

Hatua ya nne ndiyo jaribio lenyewe, na ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote. Majaribio mengi huandika juu ya kanda na kufuta kilichokuwamo. Kwa hiyo itumike kanda tupu, isiwe kabisa ile yenye hesabu za kampuni. Kanda za kumbukumbu zifungwe kwa kile kitufe cha kuzuia uandishi kabla hata ya kuanza kazi.

Jaribio fupi huandika na kusoma sehemu tu ya kanda. Jaribio refu hujaza kanda nzima. LTO-5, yenye mwendo wa megabaiti 140 kwa sekunde, itahitaji karibu saa 3 kuandika kanda moja hadi mwisho. Mnunuzi wa mashine iliyotumika asione saa hizo kuwa nyingi.

Kanda au mashine?

Jibu hupatikana kwa kubadilishana. Kanda ya kwanza ikishindwa, iingizwe ya pili iliyo nzuri. Ya pili ikipita, ubovu uko kwenye kanda, na gharama yake ni ya kanda moja. Zikishindwa zote mbili hata baada ya kusafisha, mashine ndiyo yenye kasoro. Ndani ya kila kanda ya LTO kuna chipu ndogo inayotunza historia ya matumizi, na programu huweza kuisoma, hivyo kanda iliyochoka haiwezi kufichwa kwa kubandikwa lebo mpya.

Lipo pia tatizo linalofanana na ubovu lakini si ubovu. Kompyuta inapoleta data polepole kuliko mwendo wa mashine, kanda husimama, hurudi nyuma na kuanza tena. Kazi inachelewa na hedi inalika. Jaribio la programu likionyesha mwendo mzuri huku kazi ya kila siku ikiwa ya kusuasua, fedha zielekezwe kwenye diski au mtandao wa ofisi. Mashine ya kanda iachwe.

Tahadhari kwa wanunuzi

Anayebadilisha mashine akumbuke kizazi cha kanda alizonazo. Mashine ya LTO-6 husoma kanda za LTO-4, na ya LTO-7 husoma za LTO-5. LTO-8 imevunja desturi hiyo: inasoma za LTO-7 na za kizazi chake tu. Mwenye kabati la kanda za LTO-6 akinunua LTO-8 kwa kuwa ni mpya zaidi, atakuwa na mashine nzima na kumbukumbu asizoweza kuzifungua.

Jambo la mwisho ni kwamba programu hupima chombo, haipimi hesabu zilizomo. Mashine inaweza kupita majaribio yote huku nakala iliyohifadhiwa ikiwa pungufu. Baada ya majaribio, faili chache zirudishwe kutoka katika kanda ya zamani, zifunguliwe na kulinganishwa na vitabu. Kazi hiyo ifanywe kila baada ya miezi michache, na matokeo yaandikwe pamoja na tarehe. Ripoti ya jaribio ichapwe pia na itunzwe pamoja na risiti ya ununuzi, kwani ndiyo ushahidi wa mnunuzi endapo mashine itarudishwa kwa muuzaji.