Kuchagua Ziara ya Uzamiaji Katika Safari ya Meli ya Kitalii Karibi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Meli nyingi za kitalii zinazozunguka Bahari ya Karibi huanzia Florida nchini Marekani, katika bandari kama Miami, Fort Lauderdale na Port Canaveral, kisha hutembelea visiwa na miji ya pwani kwa saa chache kila mahali. Miongoni mwa abiria wake wamo wasomaji wetu: waliokwenda likizo, waliokwenda kuwatembelea jamaa walioko Marekani au Kanada, na wengine waliojifunza kuzamia Zanzibar, Mafia au Watamu na wangependa kuona matumbawe ya upande wa pili wa dunia. Makala haya yanamhusu abiria wa namna hiyo, pamoja na yule ambaye hajawahi kuzamia kabisa lakini ameona tangazo la ziara hiyo ndani ya meli.

Ziara ya uzamiaji haifanani na ziara ya basi wala ya masoko. Meli hufuata ratiba isiyomsubiri mtu, ilhali mwili wa binadamu chini ya maji hautaki haraka. Hasara tunazozieleza humu, ziwe za fedha, za kuachwa bandarini au za kiafya, kwa sehemu kubwa hutokana na mgongano huo. Kwa sababu hiyo tunamshauri mtumiaji asianze na bei. Aanze kwa kuuliza ni nani anayewajibika kwa muda wake, na ni nani anayewajibika kwa usalama wake.

Unanunua nini hasa

Neno "uzamiaji" katika matangazo hutumika kwa huduma zilizo mbali sana na nyingine. Ya kwanza ni kuogelea juu ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia. Hii haihitaji kadi ya mafunzo, na familia nyingi hutosheka nayo. Ya pili ni uzamiaji wa utangulizi, kwa asiye na kadi. Hupewa somo fupi, kisha hushuka pamoja na mwalimu, si zaidi ya mita 12. Ziara hiyo haimpi mtu sifa ya kuzamia peke yake siku nyingine. Ya tatu ni uzamiaji wa wenye kadi, ambao kwa kawaida ni wa mitungi miwili ya hewa: mzamiaji hushuka, hupumzika juu ya boti, kisha hushuka tena mahali pengine.

Soma kwa makini kilichomo ndani ya bei. Mitungi na vizito vya mkandani mara nyingi huwamo. Jaketi la kuelea, kifaa cha kupumulia, nguo ya kuzamia na ada ya hifadhi ya bahari huenda vikatozwa pembeni. Bei inayoonekana nafuu inaweza kuzidi ile ya jirani yake baada ya nyongeza hizo kujumlishwa.

Kununua melini au kwa kampuni ya mahali

Abiria ana njia mbili. Anaweza kununua ziara kwa kampuni ya meli, au kuagiza mwenyewe kwa kampuni ya uzamiaji iliyoko bandarini.

Ziara ya melini huwa ghali zaidi, na makundi yake mara nyingi ni makubwa. Faida yake ni ulinzi wa muda. Ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, kwa kawaida meli huwasubiri abiria wake au huwapangia usafiri hadi bandari inayofuata. Meli ikiacha kutia nanga kwa sababu ya bahari chafu, fedha za ziara hiyo hurudishwa. Hata hivyo, usidhani kwamba mabaharia wa meli ndio watakaokuzamisha. Mara nyingi kazi hufanywa na kampuni ya mahali iliyopewa mkataba, na masharti ya tiketi husema wazi kwamba kampuni ya meli ni wakala tu na haibebi dhima ya makosa ya kampuni hiyo. Uliza jina la kampuni itakayokuhudumia kabla ya kulipa.

Anayeagiza mwenyewe anaweza kupata kundi dogo, boti ndogo na kiongozi anayemsikiliza. Lakini akichelewa, ameachwa. Gharama za kufuata meli hadi bandari nyingine ni zake, na mwenye pasi ya nchi za Afrika Mashariki huenda akahitaji viza ya nchi ambayo hakukusudia kulala. Meli isipofika bandarini, kurudishiwa fedha kutategemea masharti ya kampuni aliyoilipa. Pata masharti hayo kwa maandishi: nini kitatokea ikiwa meli haikutia nanga, ikiwa bahari imechafuka, na ikiwa wewe ndiye uliyeahirisha.

Jambo dogo ambalo limewagharimu wengi ni tofauti ya saa. Cozumel, kisiwa cha Meksiko, haibadilishi saa zake mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, saa za Florida huitangulia kwa saa moja. Meli iliyobaki na saa za Florida itasoma saa kumi jioni wakati saa ya ukutani kisiwani inasoma saa tisa. Kabla ya kushuka, iulize meli inafuata saa zipi, na uipe kampuni ya uzamiaji saa ya meli, si ya kisiwa. Chagua ziara inayokurudisha gatini angalau saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho wa kupanda.

Kadi yako na kina unachoruhusiwa

Kadi za mashirika kama PADI, SSI, NAUI na CMAS hutambuliwa kimataifa. Iliyopatikana Zanzibar inakubalika Cozumel. Kadi ya ngazi ya kwanza kwa kawaida humruhusu mzamiaji kufika mita 18, ya ngazi inayofuata mita 30, na mpaka wa uzamiaji wa starehe ni mita 40. Kampuni inayojitolea kukushusha chini ya kina cha kadi yako "kwa sababu unaonekana hodari" haikufanyii hisani.

Sababu ni hii. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Chini ya shinikizo hilo naitrojeni ya hewa unayovuta huingia mwilini kwa wingi. Ukipanda taratibu, hutoka kwa njia ya mapafu. Ukipanda kwa haraka, hugeuka mapovu ndani ya damu na viungo, na mtu anaweza kuumia vibaya, kupooza au hata kufa. Ndiyo maana wazamiaji husimama kwa dakika tatu hivi katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka majini. Kiongozi anayeruka hatua hiyo ili kuwahi meli anakuuzia hatari.

Ikiwa umepita mwaka mmoja au zaidi bila kuzamia, fanya somo la marudio nyumbani kabla ya safari. Siku ya bandari haina nafasi ya kujikumbusha.

Bandari hazifanani

Jina zuri la mahali halitoshi kuwa sababu ya kulipa. Linganisha mahali hapo na muda wa meli na ujuzi wako.

Cozumel ina hifadhi ya taifa ya matumbawe tangu mwaka 1996, na sehemu kama Palancar na Santa Rosa ni mashuhuri. Uzamiaji wake ni wa kuchukuliwa na mkondo: mzamiaji huteremka, mkondo humsukuma kando ya ukuta wa matumbawe, na boti humfuata juu. Ni raha kwa mzoefu. Kwa anayeanza, ukuta unaoshuka hadi gizani na maji yasiyotulia vyataka kiongozi wa karibu sana.

Grand Cayman haina gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa boti ndogo hadi George Town, nao muda huo wa foleni hukatwa katika siku yako, kwenda na kurudi. Hapo ndipo ilipo Kittiwake, meli ya zamani ya jeshi la majini la Marekani iliyozamishwa kwa makusudi Januari 2011 ili iwe kivutio cha wazamiaji. Asiye na kadi anaweza kwenda Stingray City, penye fungu la mchanga ambapo watu husimama majini katikati ya taa.

Belize ina Shimo la Buluu, lenye kina cha zaidi ya mita 120, takriban kilomita 70 kutoka Belize City. Umbali huo, pamoja na kushushwa kwa boti ndogo, haulingani na siku ya kawaida ya meli. Uzamiaji wake wa kawaida nao hukaribia mita 40. Tangazo linaloahidi Shimo hilo kwa saa chache lihojiwe. Matumbawe ya karibu zaidi yanatosha.

Bonaire imelinda bahari yake kwa hifadhi tangu mwaka 1979. Mgeni hulipa ada, hupewa maelekezo, na huzamia kwanza kwa majaribio kabla ya kuendelea. Kuvaa glavu hakuruhusiwi. Weka muda wa taratibu hizo katika hesabu yako.

Kumbuka pia kwamba msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30. Katika miezi hiyo meli hubadilisha njia mara nyingi zaidi, na masharti ya kurudishiwa fedha huwa na uzito zaidi.

Fomu ya afya na hati ya kuondoa dhima

Kampuni makini itakupa fomu ya maswali ya afya: pumu, moyo, shinikizo la damu, kisukari, kifafa, upasuaji wa karibuni, ujauzito. Jibu la "ndiyo" kwa maswali hayo laweza kuhitaji saini ya daktari. Abiria wengi huiona fomu hiyo kwa mara ya kwanza gatini, wakati hakuna daktari wa kutia saini, na fedha hazirudi. Iombe mapema, na umwone daktari wako kabla ya kuondoka nyumbani. Usiandike "hapana" ili kuokoa fedha. Uongo huo unaweza kukugharimu uhai wako, na pia kuwapa watu wa bima sababu ya kukataa madai.

Hati ya kuondoa dhima husomwa, haisainiwi kwa kupita. Kagua vilevile bima yako ya safari: nyingi hazigharimii uzamiaji, au huweka mpaka wa kina. Hakikisha inagharimia usafiri wa dharura na matibabu ya chumba cha shinikizo. Vyumba hivyo vipo Cozumel na Grand Cayman, lakini havipo kila kisiwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Kiongozi mmoja atasimamia wageni wangapi? Kwa wasio na kadi, zaidi ya wanne kwa mwalimu mmoja ni dalili mbaya.
2. Je, boti ina oksijeni ya dharura, redio na mtu atakayebaki juu muda wote?
3. Wazamiaji hutenganishwa kwa uzoefu wao, au wote hushuka pamoja?
4. Chumba cha shinikizo kilicho karibu kiko wapi?
5. Boti hurudi gatini saa ngapi kwa saa ya meli, na ni nini hufanyika ikichelewa?
6. Bei ya mwisho ni ngapi, pamoja na vifaa na ada zote?

Kampuni inayojibu kwa utulivu na kwa maandishi imekwisha kukuonyesha tabia yake. Inayokasirishwa na maswali nayo pia imekuonyesha.

Baada ya kutoka majini

Usipande ndege mapema. Ushauri unaofuatwa na wengi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Aliyetoka majini mara ya pili saa nane mchana asiruke kabla ya saa mbili asubuhi ya siku inayofuata. Ziara za helikopta na ndege ndogo zinazouzwa alasiri hiyohiyo zimo katika katazo hili. Kwa hiyo usizamie katika bandari ya mwisho kabla ya kuhesabu saa za ndege yako ya kurudi. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya kuzamia visingojewe vipite. Mwarifu daktari wa meli mara moja.

Ukitaka kulalamika

Mamlaka ya nchi yako haiwezi kuishurutisha kampuni iliyoko Honduras au Bahamas, na tiketi ya meli mara nyingi hutaja mahakama ambako lazima ushtaki, pamoja na muda mfupi wa kufanya hivyo. Lakini kama ulinunua safari kupitia wakala aliyesajiliwa hapa nchini, yeye anawajibika kwa aliyokuahidi. Tunza tangazo, risiti na barua pepe, lipa kwa kadi ya benki pale inapowezekana, na uwasilishe malalamiko yako kwa maandishi mapema: kwanza kwa aliyekuuzia, kisha kwetu ikiwa hakukuridhisha. Ushahidi uliokusanywa kabla ya kushuka melini ndio unaotuwezesha kukusaidia.